Askari Wasiomjua Ndugu Yangu

9 Januari

Mwanangu Profesa,

Pokea salamu zangu popote zitakapokukuta, hata zikikukuta umelala, amka uzipokee. Huku wote wazima. Baba yako mzima, mama yako mzima isipokuwa goti, na mimi mzima kuliko hao wawili, anayebisha aje tushindane kupanda ngazi.

Barua hii naandika mwenyewe. Darasa la nne tu, lakini walionizidi madarasa ndio waliokuwa wakiniletea kazi. Na usinirudie habari za simu. Masikio yangu niliyaacha kiwandani kwenye mashine ya kugonga sufuria. Baba yako alikuwa anaziba yake kwa pamba, mimi nikasema mwanamume hazibi masikio. Sasa ukinipigia nasikia nyuki. Na ule ujumbe wa kuandika kwenye simu, kidole changu kimoja kinabonyeza herufi tatu. Karatasi haina kelele na haina herufi ndogo.

Sasa figo. Figo ya baba yako imekaa kwangu kama imezaliwa humu. Mwaka umepita na daktari kila akipima anafurahi. Nikamwambia, daktari, unashangaa nini, hii imetoka kwa pacha wangu, ni kama kuhamisha sufuria kutoka chumba hiki kwenda chumba kile, nyumba ni moja. Akatabasamu, akaendelea kuandika. Alijua nimesema kweli.

Kinachonikera ni mkono. Tangu nianze kile kidonge cha asubuhi na jioni mkono unatetemeka. Mimi! Mimi Nyundo, niliyekuwa nakata duara kwenye bati bila kuchora mstari na likafunga! Juzi fundi cherehani wa mtaani kwetu kaniletea cherehani yake, nikashindwa kufunga sindano. Sindano! Akaniambia, "Acha mzee, nitaipeleka kwa fundi mwingine." Huyo fundi mwingine mimi ndiye niliyemwonyesha upi ni upande wa kushikia bisibisi. Tazama hata mwandiko huu, kama kuku kapita kwenye majivu.

Daktari anasema kidonge kinawatuliza askari wa mwili wasiipige figo. Na wewe si ndiyo kazi yako hiyo, hao askari? Miaka yote tunaambiwa binti yuko maabara, binti yuko maabara, hakuna anayejua unapika nini humo. Baba yako nikimuuliza anasema "mambo ya seli," kisha anarudi kunyamaza, si bure watu wakamwita Kimya. Nieleze wewe. Kwa maneno ya watu.

Ni mimi baba yako mkubwa, niliyetangulia kutoka,
Nyundo

2 Februari

Shikamoo Baba Mkubwa,

Barua yako imefika imechoka kuliko msafiri, pembe zote zimejikunja. Nimefurahi kusikia figo inafanya kazi. Mimi mzima wa mwili, moyo ndio umechafuka. Friji letu kubwa liliharibika mwisho wa juma, king'ora kikalia chumba kitupu, Jumatatu tukakuta kazi ya miezi imegeuka supu. Mkuu wa maabara akasema "anza upya" kama anayeniambia nioshe kikombe. Basi naanza upya.

Umeniomba maneno ya watu, ngoja nijaribu.

Askari ninaowachunguza wanaitwa seli T. Askari huyu hana macho. Anazunguka mwilini akipapasa kila seli anayokutana nayo, na kinachopapasa ni protini iliyo juu ya ngozi yake, tunaiita kipokezi. Akigusa kitu cha kawaida, mkono unateleza anapita zake. Akigusa kigeni, mkono unakwama kidogo. Kule kukwama ndiko kunakoamsha mambo ndani.

Na ndani hakuna bosi, Baba Mkubwa. Protini moja inatia alama kwenye mkia wa kipokezi. Nyingine inakuja kwa kuiona ile alama, inashika pale, inatia alama kwa ya tatu. Hiyo ya tatu ndiyo yangu, nimeolewa nayo. Yenyewe ni kama meza ya karakana. Haipigi nyundo wala haikati, lakini wenye kazi wote huja kushikana hapo, kila mmoja na chombo chake. Wakitimia, ujumbe unaondoka kwenda kwenye kiini cha seli: amka, zaliana, piga. Akikosekana mmoja, ujumbe unafia mezani. Tena kuna wengine ambao kazi yao ni kufuta zile alama na kuivunja meza, na hao hawapumziki. Ndiyo kusema askari aliyetulia si kwamba hana la kufanya. Ametulia kwa sababu wafutaji wamewashinda watiaji.

Kisha kugusa peke yake hakutoshi. Lazima apate ishara ya pili mahali pengine kwenye ngozi yake, kutoka kwa seli iliyokwisha kuona hatari. Akigusa bila kupata ya pili, analegea. Kazi yangu ni kujua nani anatangulia kufika mezani, na nani anawatawanya.

Kuna jambo moja tumebishana juu yake maabara wakati wa chai. Mapacha wa yai moja, wale waliokuwa mtu mmoja wakagawanyika tumboni, askari wa mmoja huipapasa figo ya mwenzake na mkono ukateleza. Wengine wamepandikizwa na kuishi bila kidonge. Mwili ni fundi, haki ya Mungu.

Habari ya mkono mwambie daktari, anaweza kupunguza kipimo cha dawa. Usipunguze mwenyewe. Wasalimie Baba na Mama.

Mwanao

26 Februari

Profesa,

Marahaba, na marahaba nyingine juu yake kwa sababu leo nimefurahi. Baba yako mzima. Goti la mama yako limepata nafuu, sasa analalamikia bega, ndivyo alivyo, maumivu yake yana miguu. Mlango wangu wa nyuma nimeutia bawaba mpya.

Barua yako nimeisoma kwa ile lenzi yangu, neno kwa neno, na hakuna nilichokosa. Hiyo meza yako mimi naijua kuliko wewe. Mashine yetu kubwa ya kugonga ilikuwa na vitufe viwili, kimoja huku kimoja kule, na mtu kila upande. Wabonyeze wote pamoja ndiyo nyundo ishuke. Kimoja peke yake hata ukikikalia, haishuki. Waliiweka hivyo baada ya mwenzetu mmoja kuacha vidole vyake ndani. Kushoto mimi, kulia baba yako. Wengine walikuwa wanahesabu moja, mbili, tatu, haya! Sisi hatukuhesabu. Mimi nikitaka kubonyeza, yeye keshabonyeza. Wageni walikuwa wakiletwa kututazama.

Sasa sikiliza, maana hapa nimekupita. Askari wangu wakiipapasa figo ya baba yako, tuseme kitufe cha kwanza kimebonyezwa. Cha pili atabonyeza nani? Hatari iko wapi humu? Wa kukibonyeza hayupo. Nyundo haishuki. Tena hata hicho cha kwanza hakibonyezwi, kwa sababu ya ile habari ya mapacha uliyoitupa mwisho kama ganda. Ile ndiyo ilikuwa barua yenyewe! Mwaka mzima madaktari wananitazama hawaniambii! Yamebaki kusemwa na binti yangu wakati wa chai.

Tazama mwandiko huu. Tazama mstari ulivyonyooka. Mkono umerudi kwa mwenyewe. Cherehani ya yule fundi nilimfuata nyumbani kwake nikaichukua kwa nguvu, nimeifungua yote nimeifunga yote, inaimba. Yule fundi mwingine kapita akaiona, akashindwa hata kusalimia vizuri.

Kliniki ya mwezi huu sikwenda, nilikuwa na kazi.

Nyundo

11 Machi

Baba Mkubwa, shikamoo.

Natumaini hamjambo. Mimi sijambo, lakini sitakaa kwenye salamu.

Nimeiweka barua yako karibu na ile ya Januari. Kwa mtu mwingine ningesema mwandiko umependeza. Mimi nilipoona herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride, nilitafuta kiti. Kutetemeka kule kunaletwa na kidonge. Mkono hautulii wenyewe tu, Baba Mkubwa. Unatulia dawa ikiisha kwenye damu. Umeacha kumeza?

Jibu kwa neno moja. Ndiyo au hapana.

Ile habari ya mapacha niliandika juu ya mapacha wa yai moja. Ninyi si wa yai moja. Kabla ya upasuaji mlitolewa damu wote wawili, na majibu niliyaona kwa macho yangu: mnapatana nusu. Nusu, kama ndugu wengi na ndugu zao. Ninyi ni ndugu wa kawaida mliopanga chumba kimoja miezi tisa. Nilidhani unajua. Daktari anasema alikuambia, na wewe ukamjibu, "Mashine yenu mbovu."

Umeuliza nani atabonyeza kitufe cha pili. Mafua. Kidonda. Jipu la jino. Hata ile figo yenyewe, ilikatwa, ikapozwa, ikashonwa, imebeba makovu yake. Kila kitu kinachouma mwilini kinaweza kubonyeza. Na askari wakishaamka wanazaliana, hutawahesabu.

Nimempigia Baba simu. Akaja kukuuliza, ukamwambia unameza. Baba amekuamini. Aliniambia, "Kaka yangu hawezi kunidanganya kwa hilo."

Naomba hilo neno moja.

Mwanao

4 Aprili

Profesa,

Huku kumetulia. Geti la jirani lilikuwa linakwaruza, nimelinyanyua. Mama yako amenunua pazia la rangi ya embe bovu na anataka wote tulisifu, mimi nimelisifu, baba yako amelitazama tu. Fundi cherehani ameniletea mashine nyingine mbili. Watu wameanza kurudi kidogo kidogo, jina halipotei kwa mwaka mmoja.

Swali lako nimeliona.

Sasa na mimi nikuulize. Wewe umezaliwa lini? Sisi tumezaliwa lini? Mama yetu aliyetuzaa kwa tumbo lake alikuwa hajui yupi ni yupi. Alikuwa ananinyonyesha mimi, ananilaza, anamchukua mwingine, kumbe ni mimi tena, baba yako kalala njaa. Tulipokuwa shule mimi nilivunja dirisha la ofisi kwa jiwe moja tu, shabaha ile hadi leo, mwalimu akamshika baba yako akamchapa viboko vyote mbele ya darasa. Hakusema "siyo mimi." Na kazi ya kiwandani, msimamizi alimwajiri yeye, Jumatatu nikaenda mimi, hakuna aliyejua mpaka mwisho wa mwezi, ikabidi watuajiri wote. Watu wa namna hiyo unawaambia wamepanga chumba?

Halafu unataka niamini kwamba damu yangu ikikutana na damu ya ndugu yangu inamuuliza, wewe nani, unatoka wapi? Askari gani hao wasiomjua ndugu yangu? Askari wa mtu mwingine labda. Wangu wana adabu.

Unajua kile kidonge kinasema nini? Kila nikikimeza ni kama nasema simjui. Asubuhi simjui, jioni simjui. Mwaka mzima nimekuwa nikimkana ndugu yangu kwa bilauri ya maji, na mkono unatetemeka juu yake kama wa mwizi. Zile dawa nyingine nameza. Usije ukasema mimi mkaidi.

Baba yako nilimjibu nilivyomjibu.

Na kwa kuwa tumefika hapo: najua kwamba wewe ulimkataza asinipe figo. Mama yako alitokwa na neno. Sisemi kitu. Nasema tu najua.

Nyundo

13 Aprili

Shikamoo Baba Mkubwa,

Nimeipokea. Kwa hiyo umeacha. Asante kwa kunijibu kwa kurasa mbili neno ambalo lingekaa kwenye ukucha.

Pazia nitalisifu nikiliona.

Askari wako hana adabu, na wala hana dharau. Hajui nani ni nani. Hajui sura zenu zinavyofanana, wala dirisha lilivunjwa na nani, wala nani alichapwa. Anachojua ni umbo la kitu kilichomkwamisha mkono. Ukimlaumu kwa kutomjua Baba, mlaumu na mlango wako wa nyuma kwa kuufungia nje upepo mzuri. Humkani mtu kwa kumeza, Baba Mkubwa. Unamfungulia.

Na kwa kuwa unapenda habari za wawili wawili, ngoja nikupe moja ya kweli. Kile kidonge kikiingia peke yake ndani ya askari hakifanyi kitu. Hakina nguvu ya kuzuia hata nzi. Mpaka kimkute protini mmoja wa humo humo ndani, mdogo, hana makuu, wakashikana. Wakishashikana ndipo wanamkalia wa tatu, yule anayeupeleka ujumbe wa "amka" kwenye kiini. Meza inaweza kujaa watu, ujumbe hautoki. Ukiacha kidonge, yule mdogo anabaki hana wa kushikana naye, na wa tatu yuko huru. Ndiko ulikofika sasa. Huoni kitu, husikii kitu, mwandiko mzuri, cherehani zinaimba.

Sikio la kufa halisikii dawa. Na masikio yako nayajua. Nisamehe kwa kukuandikia hivyo, lakini sifuti.

Nenda hospitali. Usingoje uumwe. Miguu ikivimba, mkojo ukipungua, homa ikija, umeshachelewa. Nimemwambia Baba kila kitu.

Mwanao

6 Mei

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mbona hamsemi? Baba hapokei simu. Mama namuuliza mko wapi, ananijibu "wametoka." Wametoka wapi watu wawili wazee tangu juzi? Nikamuuliza tena, akaanza kunieleza habari za bega.

Andika hata mstari. Hata wa kunitukana.

Mwanao

24 Mei

Profesa,

Marahaba.

Niko wodini, kitanda cha dirishani. Nilikipata kwa sababu nilimtengenezea muuguzi gurudumu la kitoroli. Jirani yangu wa kulia anakoroma, namshukuru Mungu kwa uziwi. Baba yako mzima. Mama yako alikuja na pazia, eti nijisikie nyumbani.

Nakueleza jinsi ilivyokuwa ili usije kuelezwa na wasiojua. Baada ya ile barua yako ya kunikosea adabu, baba yako alikuja akakaa kibarazani kwangu, hakuuliza kitu. Kesho yake tena. Mtu anakaa tu! Nikamwambia kama umekuja kunilinda vaa sare. Nikawa navaa viatu kila akija, maana miguu ilikuwa imejaa kidogo. Kidogo. Siku moja viatu vikakataa. Nikavaa soksi, nikaketi nimeficha miguu chini ya kiti. Yeye akaja kuazima koleo. Nikasema liko pale, lichukue. Hakulichukua. Akapiga goti, akashusha soksi, akanibonyeza kwa kidole juu ya mguu. Shimo likabaki. Akalitazama lile shimo. Sijawahi kutazamwa mguu namna ile.

Nilidhani atanipigia kelele. Ningefurahi. Mimi na kelele tunaelewana. Akaninyanyua akanishika begani mpaka barabarani, mimi namwambia niache natembea mwenyewe, na sikuwa natembea, nilikuwa naburutwa.

Hapa wameniingiza sindano ndefu kwenye figo wakatoa kipande kama uzi. Daktari akarudi na majibu, akaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa kwa ajili ya masikio yangu: ASKARI WAMEJAA NDANI YA FIGO. Nikamwambia niandikie tena. Akaandika tena.

Wamenitundikia dawa kali ya kwenye mshipa, uso wangu umevimba kama mpira. Wanasema wamewahi, lakini si yote. Sehemu imekufa na haitarudi. Iliyobaki itafanya kazi ikitunzwa. Kidonge kimerudi, mkono umerudi ulivyokuwa, ndiyo maana unaona hivi.

Umefurahi? Ulisema na ikawa. Haya, furahi.

Ila kitu kimoja siwezi kukivumilia. Baba yako tangu siku ile hajaniambia neno. Anakuja asubuhi, anakaa, anaangalia nikimeza, anaondoka. Jioni hivyo hivyo. Mtu akikukosea si unamtukana yakaisha? Muulize anataka nini.

Nyundo

9 Juni

Shikamoo Baba Mkubwa,

Sikufurahi. Nilipoisoma nilitoka nje ya maabara nikasimama kwenye maegesho ya magari mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepoteza ufunguo.

Nashukuru mmewahi. Nimeongea na daktari wako. Anasema ukimeza bila kukosa, kilichobaki kinaweza kukutosha miaka. Mkono wamekubali kuuangalia, wanaweza kukubadilishia aina ya kidonge mambo yakitulia. Lilikuwa linawezekana tangu Januari, ungesema tu. Sitaendelea, nitakupandisha presha.

Mimi kazi imeanza kusogea. Ile meza yangu, tumeona mmoja wa wale wavunjaji anafika mapema kuliko tulivyodhani, anaingia pamoja na wajenzi, mlango mmoja, wakati mmoja. Mkuu wa maabara hajaamini. Nimerudia, imekuwa vile vile. Ananiambia nirudie tena. Naye ni Nyundo wa aina yake.

Nimemuuliza Baba unavyotaka. Nikasema, Baba, kaka yako anataka umtukane. Akasema, "Namtafutia neno." Nikamwambia si lazima liwe moja. Akasema, "Litatosha moja."

Kwa hiyo subiri.

Mwanao

1 Julai

Profesa,

Marahaba mwanangu. Nimerudi kwangu, miguu imeshuka, viatu vinaingia. Mama yako amenitundikia lile pazia hapa chumbani na sasa kila asubuhi naamka ndani ya embe. Vidonge nameza vyote. Usiniulize tena, muulize baba yako, ana zamu ya kutazama.

Hilo neno lake limefika.

Ilikuwa jana jioni. Amekuja kama kawaida, akakaa kwenye kigoda, akaninyooshea bilauri. Nikameza. Akanifanyia ishara nifungue mdomo, nikafungua, mtu mzima mimi, akachungulia chini ya ulimi kama anatafuta panya. Hapo nikachoka. Nikamwambia, sasa basi. Umekasirika, sema umekasirika. Nimekudanganya, ndiyo. Nimeharibu kitu chako, ndiyo. Lakini mimi ni wewe na wewe ni mimi, tangu lini mkono wa kulia ukamnunia wa kushoto?

Akaweka bilauri chini. Akasogea karibu na sikio langu lile lenye nafuu, na akapaza sauti, yeye ambaye hata kiwandani hakuwahi kupaza sauti, mpaka mama yako, huko kwenu nyumba ya pili, akatoka nje kutazama kuna nini.

"Unajua kwa nini nilikupa figo?"

Nikasema, "Kwa kuwa sisi ni kitu kimoja."

"Hapana," akasema. "Tungekuwa kitu kimoja, ningebaki nazo zote mbili."

Kisha akachukua kofia akaenda kwake kula.

Profesa, sikulala vizuri. Nimelizungusha hilo neno kama kufuli isiyo na ufunguo. Kwanza nilitaka kumjibu kwamba na mimi ningempa. Nikajaribu kuliandika hapa, nimelifuta. Kisha nikasema nimkumbushe mambo niliyomfanyia tangu utoto, nikaanza kuyapanga, na yale yaliyokuja yote ni aliyonifanyia yeye.

Kesho asubuhi atakuja na ile bilauri na atanitazama, na mimi sijawahi kukosa la kumwambia mtu tangu nijue kusema. Wewe una vitabu, una maabara, una hiyo meza yako. Nitafutie jibu la kumpa. Liwe fupi na liwe la kweli, kwa sababu la uongo atalijua. Nami nikilipata kabla yako nitanyamaza nalo kidogo kwanza, nione yeye anapata raha gani humo.

Kaka wa baba yako,
Nyundo